Kuifuata Medali Dubai

Sikwenda Dubai kutembea. Nayasema haya mapema kwa sababu tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni Kitui ananiuliza kama nilipanda lile jengo refu. Nililiona kwa mbali, limesimama kama sindano iliyochomekwa kwenye mto wa kuchomekea pini, na hilo likanitosha. Nilikwenda kuifuata medali ya nyumbani kwetu, ambayo mdogo wangu Mutua aliondoka nayo Krismasi iliyopita akisema anaipeleka kusafishwa na kutiwa fremu.

Medali yenyewe ni kipande cha shaba kikubwa kama kisosi. Upande mmoja kuna vichwa vya wanaume wanne vilivyopandana, wote wanatazama upande mmoja kama watu wanaosubiri basi. Upande wa pili kuna watu juu ya farasi. Karibu na ukingo kuna tundu, na katika tundu hilo mlikuwa na utepe mwekundu nilioutia mimi mwenyewe, maana mimi ni fundi wa kushona na utepe wa zamani ulikuwa umeliwa na mende. Tulikua tukijua kwamba Babu, yaani baba yake Mama, alipewa na Waingereza kwa ushujaa wake katika vita vya Burma.

Watu wengine huweka picha na maua juu ya jeneza. Sisi huweka medali. Inakaa pale kutoka nyumbani hadi kaburini, na kabla ya kuteremsha, mwanamume mkubwa wa nyumba huinyanyua na kumkabidhi Mama, naye huirudisha sandukuni. Watoto wote wa Babu wamesindikizwa hivyo. Amebaki Mama peke yake, na tangu masika miguu yake imekataa kazi na pumzi imekuwa fupi.

"Medali imefika?" alikuwa akiniuliza kila nikimpelekea uji.

"Bado, Mama."

"Mwambie Mutua mimi siondoki bila hiyo."

Nilimshauri tumwambie Mutua aitume kwa mtu anayekuja likizo. Alinitazama kama niliyetukana. "Iletwe mkononi na mtu wa nyumba hii," alisema. Mutua naye kwenye simu alikuwa na neno moja tu, "Wiki ijayo, Dada," na hiyo wiki ijayo ilikuwa imeanza kuota mvi. Basi nilipomaliza kushona majoho ya kwaya ya kanisa letu, malipo yake nikayageuza tiketi na viza ya matembezi.

Kitui. Niliondoka na pikapu ya jirani aliyekuwa akipeleka ndengu Nairobi. Magunia yalikaa nyuma, mimi na dereva mbele, na begi langu mapajani. Mama alikuwa ametolewa nje kwenye kiti chake. Hakuniombea safari njema. Hiyo alimwachia mchungaji. Yeye aliniambia, "Kalunde, usirudi na maneno. Rudi nayo." Njia nzima dereva alizungumzia bei ya ndengu, nami nikashukuru, kwa sababu mtu mwenye bei kichwani hakuulizi unakwenda wapi na kwa nini.

Nairobi, uwanja wa ndege. Mbele yangu kwenye foleni walikuwa wasichana waliovaa fulana za rangi moja, wanakwenda kufanya kazi za nyumbani. Fulana zilikuwa zimeshonwa ovyo, pindo zinafumuka hata kabla hazijavuka mpaka. Kwenye mashine ya ukaguzi nilinyang'anywa mkasi wangu wa chuma, ambao nilikuwa nimeusahau mkobani. Nilimweleza askari kwamba mkasi ule umekata suti ya arusi ya diwani. Akasema pole, akautupa pipani. Mpaka ndege inapaa nilikuwa bado naomboleza mkasi.

Dubai. Nilipotoka nje, joto lilinishika shingoni kama mtu mwenye deni. Mutua alikuwa amesimama kando ya nguzo na sare yake ya ulinzi, ametoka zamu moja kwa moja. Mabega ya koti yalikuwa yamemshuka karibu na viwiko. Ndugu yangu huyu alikwenda Dubai akiwa kijana. Sasa masharubu yake yana mvi, na koti ni la mtu mwingine. Nilimhurumia, kisha nikakumbuka kilichonileta.

"Karibu Dubai, Dada! Umechoka?"

"Medali iko wapi?"

"Ai, Dada! Hata maji hujakunywa?"

Ndani ya treni ndipo aliponiambia. Haikuwa kwa fundi wa fremu. Ilikuwa kwa mwanamke mmoja wa Bur Dubai anayenunua na kuuza sarafu na nishani za kale, Bi Zuwena. Mutua alikuwa amempelekea picha, na Bi Zuwena alikuwa amepata mnunuzi. Medali yenyewe ameipeleka juzi ikaguliwe, na mnunuzi anaisubiri.

"Unaiuza," nikasema.

"Naiuza, Dada. Usinitazame hivyo, watu wanatuona."

Bur Dubai. Alikuwa amenipangia kitanda katika fleti ya Mama Neema, Mtanzania anayekodisha vitanda kwa wanawake. Mtu akitaka kujua tofauti ya Wakenya na Watanzania, akalale kwa Mama Neema. Nilimwambia, "Nipe taulo," akabaki amesimama tu.

"Dada yangu, mbona unaniamrisha kama askari wa magereza? Sema, 'Naomba taulo.'"

"Naomba taulo, basi."

"Ee, hivyo. Na 'basi' uiache huko huko Kitui."

Chini ya fleti kulikuwa na maduka ya vitambaa, na ninakiri kwamba asubuhi iliyofuata nilisahau kuwa nina shida. Hariri, pamba, lesi, vitambaa vya satini vya rangi ambazo sijui hata nitaziitaje. Nilitembea nikivishika kwa vidole viwili kama mtu anayepima unga. Nilinunua mkasi mpya na sindano.

Jumeirah Lake Towers. Mchana nilimfuata Mutua kazini. Ni majengo marefu yaliyozunguka maziwa ya kuchimba, na katika ukumbi wa jengo moja kuna meza, na nyuma ya meza hiyo ndugu yangu husimama saa zote za zamu yake akisema "Gudi moning sa, gudi moning madam." Alipopata mapumziko tulikaa kwenye ngazi ya nyuma. Nilimvua koti nikaanza kupunguza mabega, kwa sababu mikono yangu ikikaa bure mdomo hufanya kazi zaidi.

"Dada, nisikize," alisema. "Ile medali inakaa kwa sanduku. Inatoka siku ya matanga peke yake. Mimi niko hai. Nikiiuza naacha hii kazi, narudi nyumbani, nanunua lori, nabebea watu ndengu. Kafeel, huyu tajiri anayenishikia viza, akiamua kesho niende, naenda na nini? Na hii koti?"

"Mama naye yuko hai, na anaiulizia."

"Mama anataka medali imlale juu ya jeneza nusu saa. Mimi nataka kuishi."

Mkono mtupu haulambwi, na maneno yake yalikuwa na haki ndani yake. Nilikata uzi kwa meno, nikamvalisha koti, likamkaa. Alijitazama kwenye kioo cha mlango akatabasamu kidogo, akaniambia Bi Zuwena anatungoja kesho yake kumaliza mambo. Nikamwambia nitakuja. Nilikuwa nimepanga kumwomba huyo mama mwenyewe asiinunue.

Duka la Bi Zuwena. Lilikuwa ghorofani, juu ya muuza sari. Bi Zuwena ni wa familia za Kizanzibari zilizohamia huko zamani, mwanamke mnene, mchangamfu, amevaa abaya iliyodariziwa kwa mkono kwenye mikono, kazi safi kabisa. Medali ilikuwa mezani juu ya kitambaa cheusi, na utepe wangu bado umefungwa fundo kubwa kama nilivyoufunga.

"Karibuni, karibuni viti. Wewe ndiye dada mtu? Kahawa hiyo, bibie. Tule kwanza tende, biashara haikimbii."

Nilitaka kusema ombi langu, lakini Mutua aliwahi kuuliza, "Bi Zuwena, hii kitu Babu yetu alipewa kwa vita gani hasa? Burma sehemu gani?"

"Burma?" Alicheka, si kwa dharau. "Babu yenu hakupewa hii kwa vita yoyote, mwanangu. Hii ya Waterloo. Huko Ulaya, Waingereza na wenzao walipompiga Mfaransa, miaka mia mbili na ushei. Babu wa babu yenu labda hajazaliwa. Wala si nishani ya kuvaliwa hii, ni ya kuwekwa, itazamwe. Wafalme hawa wanne ndio waliokusudiwa kupewa. Fundi kaikalia miaka na miaka. Alipoimaliza, wote washakufa."

"Kwa hiyo haikumfikia mwenyewe?" nikauliza.

"Hata mmoja. Zikatengenezwa chache baadaye kwa wapenzi wa vitu hivi, na hutafutwa sana. Ndiyo maana mteja wangu hapati usingizi."

Huku akisema alikuwa anafungua fundo la utepe, polepole, kwa kucha. Picha zote alizopelekewa zilikuwa zimepigwa utepe ukiwa umefungwa, na medali yenyewe alikuwa hajaifungua, akitungoja wenyewe. Fundo lilipoachia, mkono wake ukasimama.

"Lahaula. Nani kaitoboa?"

Tulitazamana. Tundu lilikuwepo tangu tupate akili. Tulidhani medali zote zina tundu, kama vifungo.

"Tangu zamani iko hivyo," alisema Mutua.

"Haikuzaliwa nalo. Hii kazi ya msumari wa moto, mtu kaipiga makusudi. Tazama lilivyopita juu ya kichwa cha mfalme huyu." Alivua miwani. "Khalas. Mteja wangu hachukui iliyotobolewa, namjua. Fundi anaweza kuliziba, lakini jicho litaona. Nisikudanganye, baba, maana umekuja kwangu kwa uaminifu."

Mutua akaanza kucheka, kicheko ambacho sikukipenda.

"Umesikia, Dada? Vita vya watu wengine, wafalme wa watu wengine, na bado imeharibika. Tumekuwa tukiweka kisosi cha Wazungu juu ya majeneza ya wajomba zetu, tunalia!" Aliisukuma kuelekea kwangu. "Chukua. Yalla, mpelekee Mama. Haina kazi."

Nilikuwa nimevuka bahari kwa ajili ya kitu kile, na sasa nilikuwa nacho mkononi bila kugombana, bila hata kuomba. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilijisikia mjinga, mwanamke mzima aliyetia utepe mpya kwenye uongo. Bi Zuwena aliifunga katika kile kitambaa chake cheusi akanipa, akakataa nimrudishie kitambaa.

Uwanja wa ndege wa Dubai. Mutua alinisindikiza. Alikuwa amevaa koti, ingawa hakuwa kazini.

"Utamwambia Mama?" aliuliza.

"Nimwambie nini?"

"Hiyo ya Waterloo."

"Sijui."

"Mwachie tu, Dada. Ashaamini hivyo miaka yote." Akanishika bega. "Na unisamehe, nilikudanganya na fremu."

Kwenye mashine, afisa aliiona medali akaniuliza ni kitu gani. Nikasema ni ya mama yangu. Aliigeuza, akawatazama wafalme, akanirudishia. Mkasi wangu mpya safari hii ulikuwa kwenye begi kubwa. Mtu hung'atwa mara moja.

Nairobi, kisha Kitui. Kurudi nilipata basi. Mvua ilikuwa imenyesha na vumbi lilikuwa limetulia, na kila kitu kilionekana kidogo baada ya yale majengo. Nyumbani nilimkuta Mama kitandani. Nilifungua kitambaa cheusi nikamwekea medali mapajani.

Hakuitazama. Macho yake hayaoni vizuri tena. Alipitisha kidole ukingoni, akawaruka wafalme na farasi, mpaka akalipata tundu. Hapo kidole kikatulia.

"Ndiyo yenyewe," alisema.

Nilikuwa nimekusudia kunyamaza, kama Mutua alivyonishauri. Lakini nilimwona ametulia namna ile juu ya tundu, na tundu lile ndilo lililokuwa limeniuma njia nzima, nikashindwa.

"Mama, huko wamesema si ya Babu. Ni ya vita vya zamani sana vya Ulaya. Na mtu aliitoboa, ndiyo sababu Mutua hakuweza kuiuza."

"Nani alikuambia ni ya Baba?"

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Nyinyi ndio mliosema," aliendelea. "Mlitoka shule mkasema ni ya ushujaa, mkafurahi, tukawaacha. Baba alikwenda Burma na mdogo wake, Nzioka. Nzioka alikuwa mpishi wa afisa mmoja. Alikuwa akinibeba mabegani hadi mtoni, mimi mdogo kabisa. Vita vilipokwisha Baba akarudi. Halafu siku moja yule afisa akaja na lori. Alikuwa na kitu hiki, na hakuwa na Nzioka."

Alipumzika apate pumzi. Nilimpa maji.

"Alisema maneno mengi. Nadhani alikuwa akilia. Alitoa kitu alichokipenda, kilikuwa cha nyumbani kwao. Nyanya yangu hakutaka kitu, alitaka mtoto wa kuzika. Hakupata. Basi Nyanya alipofariki, Baba akaiweka juu ya jeneza lake, iwe kama anazikwa na mwanawe. Ilipofika wakati wa kuteremsha, Baba akashindwa. Akaitoa. Alipofariki Mama, akaiweka, akashindwa tena. Kaka zangu nao, kila mmoja. Tunaiweka, tunashindwa, tunaitoa."

"Na tundu?"

Mama alicheka, na kile kicheko kilimletea kikohozi. "Baba alikuwa mpenda pombe. Mwenye duka mmoja sokoni aliitamani, na Baba akiwa na kiu alikuwa akiipeleka kuonyesha. Mama yangu akaipeleka kwa mhunzi wa minyororo akamwambia, itoboe. Kitu kilichotobolewa hakirudi dukani. Mwenye duka alipoona tundu, hakuitaka tena."

Nilikumbuka mkono wa Bi Zuwena uliposimama. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kufika hata Nairobi, alikuwa amelinda nyumba yake mpaka ghorofani Bur Dubai. Nililia, na sioni haya kusema nililia.

"Sikiliza, Kalunde," Mama alisema. "Aliyemwona Nzioka kwa macho nimebaki mimi. Safari hii msiitoe."

Kaburini. Mama alifariki kabla ya mavuno ya ndengu. Kwenye simu nilikuwa nimemweleza Mutua yote, kuhusu Nzioka, tundu na agizo, naye alisikiliza bila kunikata kauli, akasema tu, "Sawa, Dada." Alikuja akiwa amevaa lile koti. Medali ilikuwa juu ya jeneza na utepe wake, nimeupiga pasi.

Mchungaji alipofika mahali pa kawaida alinyamaza na kumtazama Mutua, kwa sababu wajomba wamekwisha na sasa mwanamume mkubwa wa nyumba ni yeye. Watu wote wa ukoo walikuwa wanangoja ainyanyue. Mutua alisogea. Aliinama, akaweka kiganja juu ya medali, akakaa hivyo hadi watu wakaanza kusogeza miguu. Niliogopa. Nilijua ugonjwa wa watu wetu, kwamba hapo ndipo wote waliposhindwa. Kisha aliunyoosha utepe ulipokuwa umejikunja, akarudi nyuma, akawaambia vijana walioshika kamba, "Teremsheni."

Minong'ono ilipita. Jeneza lilishuka na medali juu yake.

Jioni tukikunja viti vya kukodi nilimwambia amefanya vizuri. Alikuwa akifuta matope kwenye viatu na hakuinua uso.

"Bi Zuwena alinipigia Jumatatu," alisema. "Amepata mtu mwingine. Anaitaka hivyo hivyo, na tundu lake."

"Jumatatu? Kabla hujasafiri?"

"Kabla. Nilimwambia nitampa jibu nikirudi." Alisimama, akalikung'uta koti. "Nitamwambia Nzioka amezikwa."

Alirudi Dubai siku nne baadaye, kwenye ile meza ya ukumbini. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi, na kabla hajapanda nilimkaza kifungo kimoja kilichokuwa kinalegea.